Mapishi ya Nyumbani: Dunia Nzima Katika Chungu cha Newala

Jioni hii twataka kusema nanyi habari za jikoni, na twajua ya kuwa wako wanaume ambao wakisikia neno hilo watainuka waende barazani. Twawaomba wakae. Habari hizi zawahusu wao kama ziwahusuvyo mama zao na wake zao, kwa kuwa wote hula, na kwa kuwa katika habari hizi mna jambo moja la mauti na uzima, nalo tutalifikia kabla ya kwisha.

Twasikia watu wengi wakisifu mapishi ya nchi za ng'ambo. Huyu amekula Dar es Salaam chakula cha Kichina, yule amerudi kutoka Maskati anasimulia wali na nyama, na wote wawili husema kwamba kwao bara, huku Masasi na Newala, hapana ladha ila ugali na mboga. Hatuwalaumu, maana ulimi hupenda mageni. Lakini twadhani hawajatazama vema chungu cha nyumbani kwao.

Natuingie katika nyumba moja ya Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, wala si nyumba ya tajiri. Jua limekwisha kutua. Mama ameepua ugali wa muhogo. Kitoweo ni kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga, na bakuli la mbaazi lililotiwa tui la nazi, na nyanya moja, na pilipili mbili tatu pembeni. Watoto wanatafuna korosho zilizokaangwa mchana. Ni chakula cha kwetu kabisa, na bibi yake huyo mama alikipika vivyo hivyo.

Sasa tuwaulize wageni hawa kwao ni wapi. Muhogo na kisamvu chake asili yao ni Amerika ya Kusini, kando ya msitu wa Amazon. Karanga zatoka bara hilohilo, nchi zilizo chini ya milima ya Andes. Nyanya na pilipili nazo ni za Amerika. Korosho ni ya Brazil. Mbaazi zilitoka Bara Hindi, na mnazi ulisafiri kutoka pwani na visiwa vya Asia. Ukitafuta cha Afrika hasa katika karamu hii, huenda usione ila chumvi na mkono uliosonga ugali! Mtama, kunde na njugu mawe, ambazo ndizo za bara letu tangu kale, jioni hiyo zilibaki ghalani.

Vyakula hivi vilikujaje? Vingi vililetwa na Wareno. Katika mwezi wa Aprili mwaka 1500, merikebu za Pedro Álvares Cabral zilifika pwani ya Brazil. Hazikukaa sana, zikakata bahari, zikazunguka kusini mwa Afrika, na mwezi wa Julai mwaka uleule zilikuwa zimetia nanga Kilwa, kaskazini tu ya nchi yetu. Hatusemi kwamba safari ile ndiyo iliyoleta muhogo, la. Lakini ndiyo iliyoonyesha njia: pwani ya Wahindi Wekundu na pwani ya Waswahili zilikuwa zimefungwa kwa kamba moja. Baadaye mikorosho ilipandwa Msumbiji na Goa, na muhogo ukaingia Kongo, kisha ukaenea pande hizi za mashariki. Wamakonde, Wamakua na Wayao, wakivuka mto Ruvuma huku na huku, wakaupokea.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Muhogo ulipewa jembe, ukalima vizuri kuliko wenyeji. Mchanga mwekundu wa uwanda wa juu hauukatai, na mvua zikikoma mapema hauli hasara kama mahindi. Unaweza kuuacha ardhini ukakungoja. Tena kuna sababu nyingine, nayo ni maji.

Mtu asiyefika Newala hawezi kuijua shida ya maji ilivyokuwa. Uwanda ule uko juu, mchanga wake hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini katika mabonde. Kabla ya kujengwa mitambo ya kupandisha maji, kazi iliyoanza katika miaka ya 1950, wanawake walishuka magenge alfajiri, wakapanda na mitungi jua likiwa kali. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wamechagua kukaa mbali na maji namna ile. Aliambiwa hadithi ya kale kwamba wazazi wa kwanza wa Wamakonde walionywa wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa, bali wakae juu kwenye afya. Hata leo, mtu akisimama pale Shimo la Mungu na kutazama nchi iliyo chini kuelekea Ruvuma, akumbuke kwamba kila sufuria ya mboga iliyopikwa juu pale zamani ilipandishwa kichwani.

Basi, sikilizeni sasa lile jambo tulilolisema mwanzo. Chakula kikisafiri, mara nyingi huacha nyuma ada zake. Ni kama mtu aolewaye mbali bila somo wa kumfunda. Mhindi Mwekundu wa Brazil alijua tangu zamani sana kwamba muhogo mchungu una sumu. Kwa hiyo aliukuna, akautia katika mfuko mrefu uliosukwa kwa makuti, akaukamua kwa nguvu hata maji yake yatoke, kisha akaukaanga unga juu ya kikaango kipana cha udongo. Kwetu mbegu ilifika. Ule mfuko haukufika. Kongo, penye mito mingi, watu waligundua njia yao: huloweka muhogo siku kadhaa hata ulainike, na sumu huondoka pamoja na maji. Lakini juu ya uwanda mkavu nani atapata maji ya kuloweka mihogo ya nyumba nzima? Wazee wetu walitumia jua na siku. Walimenya mihogo, wakaianika ikawa makopa, au wakaifunika kwa majani mpaka ikaota ukungu, kisha wakaukwangua ukungu na kuianika tena. Ni kazi ya siku nyingi, na kila siku moja ina maana yake.

Sumu hiyo huitwa sianidi. Muhogo ukiwa mzima ardhini, sumu imefungwa; ukipondwa au ukichacha hufunguka, nayo huruka hewani kama mvuke. Ndiyo sababu ya kutwanga, na ya kungoja. Njaa ikiingia, watu hawana subira, na hapo ndipo hatari. Katika miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi walifupisha kazi ya kukausha muhogo mchungu ili wapate unga upesi, wakala, wakashikwa na kizunguzungu na kutapika. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, mwaka 1981 yalitokea makubwa zaidi: watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu. Maradhi hayo madaktari huyaita konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huja kwa ghafula. Mtoto hulala mzima, asubuhi hawezi kusimama sawasawa, na miguu hairudi kama ilivyokuwa.

Twaona afadhali kulisema jambo hili katika mazungumzo ya mapishi kuliko kuliacha hospitali, kwa sababu dawa yake iko jikoni. Kuna njia rahisi iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, nayo imejaribiwa Msumbiji, Kongo, na huku kusini mwa Tanzania. Maji yake ni machache, hata mtu wa uwandani hawezi kulalamika. Mama atie unga wake wa muhogo katika bakuli, atie alama pale unga ulipofika. Amimine maji huku akikoroga. Kwanza ataona unga unashuka. Aendelee mpaka urudi palepale penye alama. Kisha autandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usizidi sentimita 1, auache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Baada ya hapo asonge ugali siku ileile. Sumu hupungua mara 3 mpaka 6, na walioujaribu ugali huo waliusifu kwa ladha, maana uchungu umekwenda zake.

Tena kitoweo si anasa. Mwili wa mtu una uwezo wa kuivunja sumu kidogo iliyobaki, lakini hufanya kazi hiyo kwa msaada wa protini ya samaki, mayai, nyama na kunde. Konzo huwapata wale walao muhogo mchungu mtupu kila siku, kwa majuma na miezi. Kwa hiyo mama aongezaye dagaa katika kisamvu, au bakuli la kunde kando ya ugali, hapambi sinia tu. Mume anayeuza kuku wote na mayai yote mnadani, akawaachia watoto ugali na chumvi, huyo naye na asikie. Tulimwomba akae kwa ajili hiyo.

Wala msidhani ni sisi peke yetu tuliompokea mgeni bila kuuliza ada zake. Wataliana waliyapokea mahindi kutoka Amerika, wakayapenda, maskini wa kaskazini wakala ugali wa mahindi asubuhi na jioni. Hawakujua ya kuwa watu wa Meksiko huyachemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kusaga, na kwamba chokaa ile huifungua nguvu iliyomo ndani. Basi Wataliana walishikwa na maradhi ya ngozi na akili yaitwayo pelagra, yakawatesa kwa vizazi vingi katika karne ya 18 na ya 19. Wazungu nao walikosa somo.

Tukirudi kwenye furaha, kisamvu kina ndugu duniani. Wakongo hukitwanga kama sisi, wakakiita pondu, wakatia mawese. Katika Brazil ya kaskazini majani hayohayo ya muhogo husagwa na kuchemshwa karibu juma zima, siku baada ya siku, hata yawe meusi. Nao hutia nyama ya nguruwe, ambayo wengi wetu hatuili. Lakini mpishi wa Kimakonde angelitazama chungu kile angekijua mara moja. Sisi hupika kwa muda mfupi zaidi, na twafaulu kwa sababu ya kinu. Mchi ndio unaofungua sumu ya jani. Asiyetwanga kisamvu vizuri, akakikata kwa kisu tu kama mchicha, asituite kula kwake.

Kwa nini kisamvu cha karanga ni kitamu hivi? Karanga zina mafuta, na mafuta ndiyo yachukuayo harufu. Twakumbuka hapa habari ya jirani zetu wa Nachingwea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jikoni za Uingereza zilikosa mafuta, na mwaka 1947 serikali yao ikaanza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara, fedha zikatumika kwa mamilioni ya paundi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na karanga zilizopatikana zilikuwa chache mno kwa gharama ile. Wakati huohuo mama wa Masasi mwenye jembe lake alipanda karanga zake kandokando ya mtama, akavuna kikapu, akasaga, akatia katika kisamvu. Hatumcheki mtu. Twasema tu kwamba kikapu kile kilifika chunguni.

Masasi yenyewe, pale chini penye milima ya mawe, ni mji uliozaliwa na mchanganyiko. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Lakini walipoiona Masasi, yenye maji na ardhi nzuri, wakakaa hapo. Watu wale walikuwa wameishi Unguja, penye nazi na wali na viungo, nao wakaja kukaa katikati ya Wamakua na Wayao walao mtama. Si ajabu kama katika jiko la Masasi utakuta mkono wa pwani na mkono wa bara katika chungu kimoja.

Sasa twataka kuwapa pishi moja la kujaribu. Nazi huku juu hununuliwa, maana minazi iko pwani. Lakini korosho ni zetu. Nyingi huuzwa pamoja na maganda yake, zikapelekwa Bara Hindi na Vietnam, zikabanguliwa huko. Wapishi wa Bara Hindi huzisaga wakafanya mchuzi mzito wa kuku, na twaona ni haya wao kula mchuzi wa korosho zetu na sisi hatuujui. Basi chukua korosho zilizobanguliwa, vikombe viwili vya mkono, wala zisitiwe chumvi. Hata zilizovunjika zafaa, na bei yake ni ndogo. Ziloweke katika maji ya moto muda wa nusu saa, kisha zisage kwa jiwe au zitwange, ukiongeza maji kidogo kidogo mpaka upate tui zito. Kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Tia nyanya, bizari na pilipili. Tia kuku wa kienyeji aliyekwisha kuchemshwa akalainika. Mwisho mimina tui la korosho, upunguze moto, ukoroge bila kuacha, kwa maana korosho huganda chini upesi kuliko nazi, na ikiungua harufu yake haifichiki. Ndimu itiwe baada ya kuepua. Ukila kwa ugali wa mtama, utakuwa umempa mwenyeji wa kale nafasi yake mezani.

Neno moja kwa wanaobangua nyumbani: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi kama moto, na moshi wake hudhuru macho na kifua. Kaangeni nje, msimame upande unakotoka upepo, jipakeni majivu mikononi, na watoto wasikaribie.

Hatukusema juu ya ming'oko, viazi vile vya porini vinavyochimbwa wakati wa kiangazi, vikachemshwa kwa maji machache, vikauzwa njiani kwa wasafiri. Hivyo havikutoka Brazil wala Bara Hindi, ni vya msitu wetu, na mgeni atokaye kaskazini akivionja huuliza mbona kwao havipo. Siku nyingine tutavipa mazungumzo yao wenyewe.

Tumalizie kinywaji. Msimu wa korosho ukifika, mabibo huanguka chini kwa maelfu, na mengi huoza au huwa pombe. Watu wa Goa nao hutengeneza pombe yao ya mabibo, kwa hiyo katika jambo hilo hatuko peke yetu. Lakini katika Brazil watoto hunywa maji ya mabibo yaliyosafishwa, matamu, yasiyolevya, na bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Kinachowafukuza watu ni ule ukakasi unaokamata koo. Hutoka hivi. Osha mabibo mabivu yasiyopasuka, yakamue siku yaliyookotwa, uchuje kwa kitambaa. Pika uji mwembamba sana wa mchele, uuache upoe, utie nusu kikombe kwa kila lita moja ya maji ya mabibo, ukoroge, kisha uache yatulie. Utaona mawingu yanashuka chini, na juu panabaki maji mepesi ya rangi ya manjano. Yachuje tena polepole bila kuyatikisa, yachemshe kidogo, yaache yapoe. Watoto wapewe kwanza, nasi tutakuja kuulizia kikombe chetu. Kwaherini.